Vitamini E haizuii ukungu kwenye losheni

SWALI: Natengeneza losheni ya alovera na mafuta ya nazi hapa Tanga, lita tano kwa mara moja. Natumia lita moja na nusu ya ute wa alovera mbichi niliousaga na kuuchuja, maji ya bomba yaliyochemshwa, mafuta ya nazi, emalsifaya (ya kuunganisha maji na mafuta) na glisirini. Kihifadhi changu ni vidonge kumi vya vitamini E na matone ishirini ya mafuta ya karafuu. Ikifika wiki ya tatu vidoti vyeusi vinatokea chini ya kifuniko, na kwenye katoni niliyotuma Mwanza chupa mbili zimevimba. Mwenzangu ananiambia nitie kifuniko kimoja cha fomalini kama tunavyotia kwenye sabuni ya maji. Mwingine anasema niongeze vitamini E. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate hata moja, dada. Fomalini nitaifikia, ina maneno yake. Nianze na vitamini E, kwa sababu hili la kuiita kihifadhi linaharibu losheni nyingi kuliko kosa jingine lolote la jikoni, na mbaya zaidi, watu wanalipa ada kufundishwa hivyo.

Losheni huharibika kwa njia mbili zisizohusiana. Ya kwanza ni mafuta kuchacha: oksijeni ya hewani inayashambulia mpaka yatoe ile harufu ya mafuta ya zamani. Ya pili ni bakteria, hamira na ukungu kuishi na kula ndani ya maji yaliyomo. Vitamini E inahusika na ile ya kwanza tu. Ukungu hauna habari nayo. Unaweza kutia vidonge mia, losheni ikawa ya njano na kunata, na vidoti vikatokea wiki ileile ya tatu.

Tena vidonge vyako huenda hata hiyo kazi ya kwanza havifanyi. Soma boksi. Vingi vinavyouzwa famasi ni tokoferili asiteti, na hapo ile sehemu ya molekuli inayozuia oksijeni imefungwa; hufunguliwa na vimeng'enya vya mwilini. Ndani ya chupa imekaa tu. Inayolinda mafuta ni tokoferoli yenyewe, yaani vitamini E isiyofungwa, gramu 1 hadi 2 kwa kilo ya losheni. Na mafuta ya nazi, ambayo karibu asilimia 90 ya asidi zake ni zile zilizoshiba, ni miongoni mwa mafuta yanayochelewa sana kuchacha. Ulikuwa unamlinda asiyetishwa na mtu.

Karafuu nayo ina kweli nusu. Yujenoli iliyomo inaua vijidudu, lakini matone ishirini ni kama mililita moja ndani ya lita tano, yaani asilimia 0.02. Harufu utaipata, ulinzi hutaupata. Na ukipandisha mpaka kiasi cha kuua ukungu, utakuwa unamuunguza mteja. Yujenoli inajulikana kwa kuleta mzio wa ngozi. Asali, maji ya mchele, ndimu na mwarobaini ni hadithi hiyohiyo. Asali haiozi kwa sababu haina maji ya kutosha kwa kijidudu kuishi. Ikishaingia kwenye losheni na kuyeyuka, ni sukari kama sukari nyingine.

Sasa chupa zako. Ute wa alovera mbichi una sukari, na unaingia na hamira na bakteria wa ganda na udongo hata ukiliosha jani vipi. Umeweka karibu theluthi moja ya ute huo, bila kitu cha kuwazuia, kisha katoni imesafiri kwenye joto. Hamira ikala sukari ikatoa gesi, chupa ikavimba. Vidoti chini ya kifuniko vina sababu ya ziada: yaelekea unajaza losheni ikiwa ya moto na kufunga hapohapo. Mvuke unapanda, unaganda kuwa matone chini ya kifuniko, yanadondoka juu ya losheni. Matone hayo ni maji matupu, hayana kihifadhi hata kama ungekitia. Ukungu huanzia hapo. Acha losheni ipoe hadi nyuzi 30 ndipo ujaze, sufuria ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi kilichopulizwa spiriti ya asilimia 70.

Na tafadhali usipime usalama kwa macho. Losheni ni nyeupe. Inaweza kubeba mamilioni ya bakteria kwa gramu moja na ikabaki nyeupe, laini, yenye kunukia. Anayeogopwa zaidi ni Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa mabomba na ndoo, anayeridhika na chakula kidogo sana. Kwa ngozi nzima anaweza asifanye lolote. Kwenye jicho, kidonda au kitovu cha mtoto ni balaa. Chupa zilizobaki dukani zirudishe uzimwage. Kuzichemsha upya kunaua waliopo, ila mabaki yao yanabaki, mbegu za baadhi ya bakteria hustahimili maji yanayochemka, na losheni yenyewe itaachana.

Kwa kilo moja fanya hivi. Maji gramu 787, mafuta ya nazi 100, emalsifaya 50, alkoholi ya setili 15, glisirini 30, EDTA gramu 1, unga wa alovera gramu 2, tokoferoli 2, manukato 3, na kihifadhi gramu 10. Unga wa alovera uwe ule uliokolezwa mara 200. Gramu 2 zake ni sawa na gramu 400 za ute, kwa hiyo mteja hapungukiwi na kitu. Maji yawe yaliyodondoshwa. Watu wengi huyanunua kituo cha mafuta kama maji ya betri, sawa, lakini soma lebo mara mbili, maana tindikali ya betri hukaa rafu ileile, na bado uyachemshe, kwani maji hayo hayana chumvi lakini si lazima yawe hayana vijidudu. EDTA inanyakua madini yanayokisaidia kijidudu kuimarisha ukuta wake, hivyo kihifadhi kinapenya vizuri, hasa kwa huyo Pseudomonas.

Pasha sehemu ya maji na sehemu ya mafuta kwenye vyombo viwili hadi nyuzi 75, zikae hapo dakika 20, kisha changanya kwa blenda ya mkono. Pima uzito tena; maji yaliyopotea kwa mvuke yarudishe, la sivyo kila mara utapata losheni tofauti. Ikishuka nyuzi 40 ndipo uweke tokoferoli, manukato na kihifadhi, ukoroge angalau dakika tano. Ukikimwaga kwenye losheni baridi iliyokwisha kuwa nzito kitakaa pembeni kama mteja aliyenuna: chupa ya kwanza itawasha ngozi, ya mwisho itaota ukungu.

Kihifadhi gani? Kwa losheni yako chukua mchanganyiko wa fenoksiethanoli sehemu 9 na etilheksiligliserini sehemu 1. Gramu 10 kwa kilo zinakupa fenoksiethanoli asilimia 0.9, kikomo cha Ulaya ni asilimia 1. Pima kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Kifuniko si kipimo, kijiko si kipimo. Fenoksiethanoli peke yake ni dhaifu kwa ukungu, ndiyo maana haitembei bila mwenzake.

Wengi wanauziwa sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti kwa kuwa ni vya chakula, halafu wanalalamika havifanyi kazi. Havifanyi kwa sababu hawakupima pH, yaani kipimo cha uchachu. Inayoua ni asidi ya benzoiki ambayo haijagawanyika, na kiasi chake kinategemea uchachu. Ukitia gramu 5 za benzoeti kwenye kilo ya losheni yenye pH 6.5, inayofanya kazi ni chini ya gramu 0.03. Shusha pH hadi 5 kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa asilimia 10, tone kwa tone, na kiasi hicho kinapanda hadi karibu gramu 0.6. Poda ileile, bei ileile. Vipande vya kupimia pH havishindi bei ya chupa ulizomwaga.

Kisha weka chupa tatu za kila pishi kabatini kwa miezi mitatu, na peleka moja maabara kuhesabu vijidudu. Kiwango cha kimataifa ni visizidi 1,000 kwa gramu, na 100 kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka mitatu na za karibu na macho. Ukiwa na fedha, omba jaribio la ISO 11930: wanaingiza bakteria na kuvu makusudi kwenye losheni yako na kuwahesabu kwa siku 28. Kila ukibadili kiambato, manukato yakiwemo, jaribio la zamani halikuhusu tena.

Sasa fomalini. Hiyo ni fomaldehaidi ya asilimia 37 hadi 40 ndani ya maji, kemikali ya kuhifadhia maiti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na Ulaya imeipiga marufuku kama kihifadhi cha vipodozi tangu 2019. Sabuni ya maji inasuuzwa baada ya nusu dakika, na hata humo sioni kwa nini iendelee kutumika. Losheni inakaa mwilini mchana kutwa, kesho inapakwa tena. Aliyepata mzio wa fomaldehaidi hukaa nao maisha. Atawashwa na shampuu, na rangi ya kucha, na hata nguo mpya. Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 377, kina sehemu nzima, ya nne, inayoorodhesha vihifadhi vinavyoruhusiwa. Kipodozi Tanzania kiko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, iliyo karibu itakuelekeza pa kuanzia. Mwenzako si mojawapo ya ofisi hizo.

Kinachonikera ni ule mtindo wa duka la kemikali kumimina kitu kwenye chupa ya maji ya kunywa na kuandika kwa kalamu ya maka: «prizavativu». Mara nyingi ni mchanganyiko wa isothiazolinoni, kihifadhi cha sabuni. Ulaya mchanganyiko huo unaruhusiwa kwenye vitu vya kusuuza tu, usizidi asilimia 0.0015, baada ya watu wengi kupata mzio kupitia vipodozi. Mtu anaununua, anautia vifuniko viwili kwenye losheni ya watoto, anabandika lebo «asilia, haina kemikali», na anafundisha wenzake kwa elfu ishirini.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji jina kamili la kemikali, kiwango cha juu kwa kilo, pH inayofanyia kazi, na kama ni ya kupaka ikakaa au ya kusuuza. Omba na karatasi ya uchambuzi yenye namba ya pishi. Akikujibu «weka tu kidogo», iache chupa yake palepale kaunta.