Maneno ya Kiingereza Yanayosikika Sawa: Usiyakariri Mawilimawili

Nimesahihisha barua nyingi za kuomba kazi za vijana wa mtaani kwetu. Kinachowaponza mara nyingi si sarufi ngumu, ni vineno vidogo vinavyosikika sawa. Inaniuma, kwa sababu tatizo hili linatibika.

Tenganisha kwanza makundi mawili. Kuna maneno yanayofanana masikioni mwetu tu. Kiswahili kina irabu 5, ilhali Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Basi hat, hut na heart yote tunayaingiza kwenye a yetu moja, na live na leave tunayatamka kwa i ileile. Anayesema I want to live here anataka kuishi hapa. Akitamka leave, ameaga. Hapa kuandika mara mia hakusaidii, sikio ndilo la kufundishwa. Fungua kamusi ya Cambridge au Oxford mtandaoni, bonyeza alama ya spika, rudia kwa sauti, kisha jirekodi kwenye simu ulinganishe.

Kundi la pili hutamkwa sawa hata London: there (pale) na their (-ao, yaani ya wao), night (usiku) na knight (askari wa farasi wa zamani). Zamani ile k ya knight ilitamkwa. William Caxton alipeleka uchapaji Uingereza mwaka 1476. Tahajia ikaanza kuganda huku matamshi yakiendelea kubadilika. Hapo sikio halikuokoi. Tazama kazi ya neno katika sentensi.

Na walimu wengi watanipinga, lakini nasisitiza: usiyakariri mawilimawili. Ukiandika there na their kwenye mstari mmoja wa daftari, yatakujia pamoja siku ya mtihani. Kila neno lirudishe kwa ndugu zake. There ni ndugu wa here na where, yote ya mahali, na yote yamebeba here ndani. Its ipange na his, hers na ours, vimilikishi visivyo na ritifaa, yaani alama hii ('). Ritifaa ya it's, tofauti na ile ya ng'ombe, huonyesha herufi iliyodondoka: soma it is au it has, na sentensi ikizikataa zote mbili, ifute. Stationery ya kalamu na karatasi ina e, kama paper, tofauti na stationary ya kusimama tuli, yenye a.

Advice (ushauri) na advise (kushauri) hayamo kabisa katika kundi hili la maneno yanayotamkwa sawa. La kwanza, nomino, huishia kwa sauti ya s. La pili, kitenzi, kwa z. Ukiyatamka sawasawa, huhitaji kanuni yoyote.