Usiache kemia kwa sababu ya chupa mbovu

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili ameniandikia: "Kaka, hidroboresheni imekataa tena. Nafikiri nihamie kemia ya mazingira." Hidroboresheni ni kupachika boroni na haidrojeni kwenye kifungo maradufu cha kaboni. Nilicheka, kisha nikakasirika. Maneno hayo si yake. Kuna mkubwa amemwambia hana mikono.

Nami niliambiwa hivyo, mbele ya wenzangu, na msimamizi ambaye hakuwahi kuuliza chupa ya borani (BH3, kemikali inayoleta boroni hiyo) ilikaa wapi kabla ya kunifikia. Ilikuwa imeshinda stoo kwenye joto la Dar. Borani iliyo ndani ya THF, kiyeyusho chenye molekuli za umbo la pete, inataka baridi, nyuzi 0 hadi 5. Ikipata joto huanza kuivunja pete ya THF yenyewe. Chupa bado imejaa, lebo bado inasema molari 1, ila nguvu imekwisha, na alkeni yako, ile molekuli yenye kifungo maradufu, inatoka kama ilivyoingia.

Basi nikapima. Unavuta mililita 1 kwa sirinji, unaidondosha polepole kwenye mchanganyiko wa maji na gliseroli, mbali na moto, na unakusanya gesi. Kila BH3 hutoa molekuli tatu za gesi ya haidrojeni, kwa hiyo mililita hiyo ikiwa hai itakupa gesi ya mililita 70 na ushee. Yangu haikufika hata nusu. Nilimpelekea msimamizi hesabu, akasema "sawa". Samahani naisubiri hadi leo.

Ilipokuja chupa mpya, alkeni yangu, 1-methilisaiklohekseni, ikanipa alkoholi ya trans-2-methilisaikloheksanoli safi kabisa; trans maana yake methili na OH ziko pande tofauti za pete. Ile spektra ya NMR, kipimo kinachoonyesha muundo wa molekuli, ninayo bado, na nikiulizwa naionyesha. Boroni hukaa kwenye kaboni isiyobanwa, haidrojeni huingia upande uleule, halafu peroksaidi na alkali huweka OH palepale boroni ilipokuwa. Ukilielewa hilo huhitaji kukariri neno trans.

Ndugu zangu, pimeni! Pale Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, mwaka 1956, mtafiti Subba Rao alikuta ethili oleati, esta yenye kifungo maradufu, inakula haidraidi (haidrojeni inayotoka kwenye kemikali ya boroni) zaidi ya zile 2 zilizotarajiwa kwa esta. Rahisi ilikuwa kusema kuna uchafu. Kiongozi wake, Herbert Brown, akamrudisha benchi, wakagundua kwamba boroni ilikuwa inajipachika kwenye kifungo maradufu. Brown akapata Nobeli 1979. Sasa wewe namba inakukataa mara moja tu unataka kubadili kozi?

Pima kabla ya kila kazi kubwa. Nimeshasema, narudia: pima. Peroksaidi nayo iingie tone kwa tone, chupa ikiwa kwenye barafu, maana inachemka kwa hasira.

Na kama idara yenu ina hela, ombeni borani ya dimethilisalfaidi. Inanuka kabichi iliyooza na maabara ya jirani watakuja kulalamika, lakini inavumilia kuliko ile ya THF.