Kuchagua ATV ya 4x4 iliyotumika

Kilomita chache kwenye dashibodi ya ATV (pikipiki ya magurudumu manne ya njia mbovu) zisikupe moyo sana. Anza na oili ya difu ya mbele, yaani gia zinazogawa nguvu kwa tairi za mbele. Fungua nati ya kujazia, chovya kijiti safi. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwa kuvushwa kwenye maji marefu, na beringi huenda zimeshaanza kushika kutu. Fungua na kichujio cha hewa: tope upande wa injini ni sababu tosha ya kuachana nayo. Raba zinazofunika sivijointi (viungo vya ekseli vinavyozungusha tairi) zikichanika mchanga huingia, utasikia tak-tak ukikata kona kali. 4x4 ijaribu kwenye tope au mchanga, maana baadhi ya modeli huvuta mbele pale tu tairi za nyuma zinapoteleza.