Jibu: Sensa ya infraredi haisomi rimoti

Mkuu, salama? Umesema king'amuzi chako hapo Kigoma kinagoma kusoma rimoti kuanzia alasiri, na unataka kuagiza sensa (kijicho kinachopokea infraredi, yaani mwanga wa rimoti usioonekana kwa macho) ya molibdenamu disalfaidi, kitu chembamba sana chenye unene wa tabaka moja. Usihangaike. Tabaka moja la kitu hicho lina pengo la nishati (nishati ndogo kabisa ambayo mwanga unahitaji ili unaswe) la elektronivolti (eV) 1.8 hivi, kwa hiyo mwanga wenye urefu wa wimbi uliozidi nanomita 700 unapita zake tu. Rimoti nyingi hutoa nanomita 940, na silikoni, iliyomo kwenye sensa za kawaida, inafika karibu 1100. Fosforasi nyeusi, kitu kingine cha kunasa mwanga, huona mawimbi marefu zaidi, ila hewa yenye unyevu huiharibu. Na sisi tuko kando ya ziwa!

Anza na rimoti: ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza. Ukiona kitaa kinamwekamweka, ni nzima. Kisha ziba dirisha la magharibi. Mimi hapa Ujiji nilibadilisha sensa mbili bure, kumbe jua la jioni lilikuwa linaipiga usoni. Nikaweka kipande cha boksi, ikasoma. Bado ikigoma, nunua sensa mpya ya kilohezi 38 (kasi ya kumwekamweka kwa mwanga wa rimoti), ila linganisha kwanza mpangilio wa miguu na ya zamani. Bodi yako sijaiona, siwezi kukuambia mguu upi ni upi.