Kabla hujamsomea mjane Wathesalonike

Bwana Yesu asifiwe. Nawaandikia wazee wenzangu wa kanisa, viongozi wa jumuiya na wainjilisti, hasa mnaotumika vijijini ambako baadhi ya washarika wanapokea ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Kuna jambo nililitenda mwaka 2016. Nimeshalitubu, lakini bado naliona likitendeka kwingine, tena kwa nia njema kabisa, kama yangu ilivyokuwa.

Mtaa wetu, yaani tawi letu la usharika, uko Kilolo, mkoani Iringa. Wakati ule mpango wa kunusuru kaya maskini ulikuwa umeshafikia kaya zaidi ya milioni 1 nchini, na kijijini kwetu walengwa walilipwa kila baada ya miezi miwili kwenye ofisi ya kijiji. Mimi nilikuwa mtunza hazina wa mtaa. Ahadi za sadaka za mwaka zilikuwa zinasuasua na nyumba ya mwinjilisti haijaezekwa. Kwenye kikao cha wazee nikatoa hoja: siku ya malipo mmoja wetu akae pale nje na daftari la ahadi, kwa sababu wengi waliokuwa wanadaiwa ni walewale walengwa, na pesa ikishafika nyumbani haionekani tena. Hoja ikapita. Nikachaguliwa mimi mwenyewe.

Nikakaa kwenye benchi chini ya mparachichi, daftari mapajani. Akatoka mama mmoja mjane, umri wake kama miaka sabini, analea wajukuu wawili ambao wazazi wao walishafariki. Kidole gumba chake bado kina wino. Akaniamkia, akaketi kando yangu, akafungua pindo la kanga na kuanza kuhesabu palepale: 36,000. Shilingi 10,000 akaiweka upande, ya kadi ya CHF, bima ya afya ya jamii. 12,000 ya sweta mbili za shule, maana Kilolo mwezi wa sita mtoto hawezi kwenda shule na shati peke yake. 6,000 deni la dukani. Zikabaki 8,000. Sikuwa nimesema neno. Akachomoa 5,000 akanipa, nami nikaandika, nikamkatia risiti.

Akainuka, akaniambia kwa sauti ya chini, "Basi, baba, mwaka huu msinisome."

Kwetu tulikuwa na utaratibu wa kusoma majina ya wasiomaliza ahadi, mbele ya ibada, mwezi wa kumi na moja. Mama yule alikuwa amenunua kutosomwa. Akaondoka na shilingi 3,000 za kwenda nazo miezi miwili.

Wiki ile nilifungua Marko 12 kwa sababu nilipangiwa kuongoza ibada ya jumuiya kuhusu utoaji. Sote tunaijua habari ya mjane na senti zake mbili, na karibu kila mara tunaanzia mstari wa 41. Safari hii macho yakaangukia mstari wa 40, ambapo Bwana anawasema walimu wa sheria kwamba "hula nyumba za wajane". Mistari hiyo miwili imekaa bega kwa bega. Yesu anatoka kuwakemea wanaokula nyumba ya mjane, anainua macho, na mjane anapita na kila alichobakiwa nacho. Nilikuwa nimeihubiri habari hiyo miaka mingi kama somo kwa mjane. Siku ile ilikuwa somo kwa mtunza hazina.

Sasa niseme kuhusu Wathesalonike, maana ndiyo fimbo tunayoishika haraka. Nimeisikia kwenye mikutano ya kijiji na madhabahuni: asiyefanya kazi na asile. Paulo hakuandika hivyo. Aliandika, "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula" (2 Wathesalonike 3:10). Neno zima limesimama juu ya "hataki". Mstari wa 11 unaonyesha anasema na nani: watu wazima wenye nguvu zao, waliokuwa wanazunguka wakijishughulisha na mambo ya wengine. Kumsomea bibi wa miaka sabini mwenye mgongo uliopinda kwa kulima vibarua ni kulitumia Neno la Mungu kumpiga mtu ambaye halikumlenga.

Nadhani sisi tuliokulia wakati wa Ujamaa tumechanganya mstari huo na maneno ya siasa. Tulifundishwa kuchukia kupe. Tulifundishwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere mwenyewe aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoandika kuhusu ujamaa. Lakini katika maandishi hayohayo alisema kwamba katika jamii zetu za zamani hakuna aliyekufa njaa wala kuvunjiwa utu kwa sababu hana mali yake binafsi. Jembe na chakula vilikwenda pamoja. Sisi tumeshika jembe, chakula tumekiacha.

Halafu, huyo mlengwa unayemwambia afanye kazi, umewahi kumwona kwenye kazi za ajira ya muda za mpango huo? Utaratibu wa wakati ule ulikuwa siku zisizozidi 60 kwa mwaka, ujira shilingi 2,300 kwa siku: kuchimba makinga maji, kutengeneza barabara za kijiji, kuotesha miche. Ruzuku nayo ina masharti yake. Watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo, wadogo wapelekwe kliniki, vinginevyo inakatwa. Wengi wanaosema "pesa ya bure" hawajawahi kuulizwa kijijini kama watoto wao walikuwa darasani.

Kwangu mimi, picha ya Biblia inayofanana zaidi na ruzuku ni pembe za shamba. Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni na kurudia masazo, kwa sababu hayo ni ya maskini na mgeni. Kumbukumbu 24 inaongeza yatima na mjane, na mganda uliosahauliwa. Haisemi mwenye shamba akijisikia vizuri awape. Sehemu ile si yake tangu mwanzo. Na Ruthu alipoingia shamba la Boazi hakuombaomba. Aliingia mahali ambapo sheria ilimfungulia mlango, akaokota tangu asubuhi mpaka jioni, akarudi kwa mkwewe na chakula. Hatujawahi kumwita Ruthu kupe. Tunawapa binti zetu jina lake.

Tena pesa hiyo ya ruzuku si kodi ya wenye mishahara peke yao. Yule mama akinunua sabuni dukani analipa VAT asilimia 18 kama mimi, na mfukoni kwake inauma zaidi.

Kuhusu ulanzi, pombe yetu ya mianzi, najua mtaniuliza: je, ruzuku haiishii kilabuni? Ndiyo, tulikuwa na baba mmoja aliyekuwa anatoka dirishani pa malipo akielekea kilabuni moja kwa moja. Tulimwendea nyumbani kama mlevi anayehitaji kufunguliwa, na tulizungumza na mkewe kuhusu kubadilisha jina la anayepokea. Huyo ni mmoja. Mpango huu ulipojaribiwa Bagamoyo, Chamwino na Kibaha kuanzia mwaka 2010, tathmini ilikuta kaya zilizopokea zimejiunga zaidi na bima ya afya kuliko zisizopokea, zimenunua mifugo, na watoto wao wamevaa viatu. Wapo watumishi wenye mshahara wanaolewa mwisho wa mwezi, na sijasikia mzee wa kanisa akiomba mshahara wao ufutwe.

Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, majina ya kaya za kuingia kwenye mpango yanapotajwa, ushauri wangu ni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie. Wakawekwa watu saba, na ukitazama majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kiyunani: jambo lilikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa unaonewa. Kwa hiyo nyoosha mkono umtaje yule asiye na mtu wa kumtaja, awe wa usharika wako, awe Mwislamu, awe haabudu popote. Na kama jina la ndugu yako limeingia naye ana ng'ombe wanne, wewe ndiwe wa kwanza kusema.

Narudi kwa yule mama. Baada ya ile Marko 12 sikulala vizuri. Nilikwenda kwake jioni na shilingi 5,000 kutoka mfukoni mwangu, nikamwomba radhi, nikamwambia nimekuja kumrudishia. Alikuwa anapukuchua mahindi. Akanitazama, akasema, "Hiyo nilimpa Mungu, baba. Sitaki irudi." Nikanyamaza. Nilikuwa nimekaribia kumkosea mara ya pili, kwa kumwona kama mtu asiyestahili kutoa. Ndiyo maana siwaambii mkatae sadaka ya mlengwa. Nawaambia msiifuate, na msiisome.

Kisha akaniambia, "Kama unataka kunisaidia, mpigie mwanangu."

Mwanawe yuko Mafinga, ana kazi kwenye mbao. Tangu jina la mama yake liingie TASAF alikuwa ameacha kutuma chochote. Jibu lake lilikuwa kwamba mama sasa ana serikali. Na ajabu ni kwamba kamati yetu ya diakonia, huduma ya kanisa kwa wahitaji, ilikuwa imetoa jibu hilohilo: tulilifuta jina la mama yule kwenye orodha ya debe la mahindi. Mjane mmoja, milango mitatu, na kila mlango unamwelekeza kwa mwingine. Paulo alipoweka orodha ya wajane katika 1 Timotheo 5, na umri akautaja, miaka sitini, alianza na watoto na wajukuu: asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Neno hilo kali linawaangukia ndugu wenye uwezo. Kuhusu mjane aliye mjane kweli, Paulo anaagiza aheshimiwe.

Nilimpigia kijana palepale, mama akiendelea kupukuchua. Mwanzoni alidhani nimempigia kuhusu msiba. Nikamwambia hakuna msiba, mama yako yuko hapa mbele yangu, anakusalimu, nami nataka kukueleza ile ruzuku inakwisha siku ya ngapi. Nikamsomea hesabu kama alivyoihesabu kwenye benchi, sweta, CHF, deni la dukani, mpaka ile 3,000. Akakaa kimya muda mrefu hadi nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Mzee, mpe simu mama."

Nikampa, nikatoka nje.