Ukitengeneza rimoti ya CNC, anza na namna itakavyosimamisha mashine

Fundi wa CNC, yaani mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, anapotafuta sifuri ya Z (kimo ambako biti inagusa mbao, Z ikiwa mhimili wa juu na chini), macho yake yako kwenye ncha ya biti. Ameinama, uso karibu na meza, anaangalia mwanya wa unene wa karatasi kati ya biti na mbao, na mkono mmoja uko pembeni ukizungusha kigurudumu bila kutazamwa. Rimoti yako itatumika katika mkao huo maisha yake yote. Ushauri wangu wote unatoka hapo: mkono ukitulia, mashine itulie, kidole kikiachia kitufe, mwendo ukatike. Skrini, taa na rangi ya kikasha vitasubiri.

Ninafanya kazi na mashine za kuchonga milango na vitanda hapa Dar es Salaam, mbao zikiwa mninga, mkongo na mtiki. Mashine kubwa zinazotoka China huja na kile ambacho mafundi wanakiita DSP, kirimoti chenye skrini ndogo na vitufe. Ukiwa na RichAuto A11, kwa mfano, kile unachokishika mkononi ndicho ubongo wenyewe wa mashine, na kebo yake ya pini 50 inakwenda kwenye bodi ya kuunganishia nyaya tu. Mwenye mashine hiyo hana haja kubwa ya kutengeneza rimoti nyingine. Ninawaandikia wenye mashine ndogo zinazoendeshwa na GRBL, ile programu huria ya kuongoza mota za mashine, inayotosha ndani ya bodi ndogo ya Arduino Uno, ambao bado wanasogeza mashine kwa kubofya kipanya cha kompyuta iliyo mita mbili kutoka kwenye biti.

Kigurudumu usikitengeneze, kinunue. Kile cha kawaida cha viwandani kina mapigo 100 kwa mzunguko, na kila pigo unalihisi kidoleni. Enkoda ndogo (visoma mzunguko) zinazouzwa pamoja na vifaa vya kujifunzia, zenye mapigo 20, huchakaa upesi na mapigo yake ni hafifu mno kwa mtu anayehesabu kwa kugusa. Kigurudumu hutoa ishara mbili, A na B, zilizopishana robo ya mzunguko wa ishara. Inayotangulia ndiyo inayokuambia mkono unazunguka upande gani. Kila pigo lina mabadiliko manne ya ishara hizo. Yasome yote manne, lakini isogeze mashine pigo likishakamilika tu, kwa sababu kigurudumu kilichotulia ukingoni mwa pigo kinaweza kucheza huku na huku na kuifanya mashine itetemeke bila kuguswa na mtu. Kati ya bodi za kuendeshea rimoti, ESP32 ina kihesabu cha mapigo ndani yake, na Raspberry Pi Pico inaweza kufanya kazi hiyo kwa sehemu yake maalumu, hivyo hakuna pigo litakalopotea wakati prosesa inachora skrini. Angalia volti pia: vigurudumu vingi ni vya volti 5, na pini za bodi hizi mbili ni za 3.3.

Swichi ya hatua iliyoandikwa x1, x10 na x100 imerithiwa kutoka kwenye mashine za kukata chuma, ambako pigo moja ni milimita 0.001, 0.01 au 0.1. Kwenye mashine ya mbao hatua ya kwanza haina kazi. Chukua mota ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva iliyowekwa kugawa kila hatua mara 8, na skrubu yenye mwendo wa milimita 5 kwa mzunguko: unapata hatua 320 kwa milimita, yaani kila hatua ni milimita 0.003 na kidogo. Pigo la 0.001 ni dogo kuliko hatua yenyewe, kwa hiyo fundi atazungusha na kuona biti haiendi. Mimi ninaweka 0.01, 0.1 na 1, na hiyo 1 ninaifunga isifanye kazi kwenye Z. Hakuna sababu ya kushusha biti milimita nzima kwa pigo moja la kidole.

Sasa tufike kwenye jambo linalotofautisha rimoti nzuri na ya hatari. Mwanafunzi yeyote wa elektroniki ataandika programu hivi: pigo moja, amri moja. Mezani inafanya kazi vizuri. Ipeleke kwenye mashine, weka hatua ya 0.1, zungusha kigurudumu mizunguko miwili kwa sekunde, jambo ambalo mkono unalifanya bila shida. Umeomba milimita 20 kwa sekunde. Kama Z yako imewekewa kikomo cha milimita 500 kwa dakika, inaweza kwenda milimita 8.3 tu kwa sekunde. Ukizungusha kwa sekunde mbili umeomba 40, mashine imekwenda takriban 17, na 23 zilizobaki zimepanga foleni. Mkono umetulia, biti bado inashuka. Milimita 23 zinatosha kuipitisha kwenye mbao na kuizamisha mezani.

Dawa yake ni kuacha kutuma pigo mojamoja. Hesabu mapigo yaliyoingia katika kila kipindi kifupi, tuseme milisekunde 50, uyageuze kuwa amri moja ya $J (amri ya GRBL ya kusogeza mashine kwa mkono) yenye umbali na kasi inayolingana na mkono, na kasi hiyo isivuke kikomo cha mhimili. Mapigo yaliyozidi uwezo wa mashine yatupe. Kigurudumu kikinyamaza kwa kitambo kifupi, tuma alama ya 0x85, ambayo GRBL toleo la 1.1 huipokea papo hapo bila kusubiri foleni. Mashine inapunguza mwendo kwa utaratibu, inasimama, na amri za kusogeza zilizosalia zinafutwa. Wapo watakaosema kutupa mapigo kunaharibu hesabu ya fundi. Kwenye hatua ya 0.01 hakuna kitakachotupwa, maana mkono wa kasi ileile unaomba milimita 2 kwa sekunde, na Z inaziweza. Huko kila pigo liheshimiwe na usikatishe kitu. Kwenye hatua kubwa fundi hahesabu mapigo, anaongozwa na jicho.

Vitufe vya mishale navyo vifuate kanuni hiyo. Ukibonyeza na kuachia mara moja, hatua moja. Ukishikilia, mwendo mfululizo mpaka kidole kiondoke. Mwendo huo usitumwe kama amri moja ndefu ya milimita 600 kwa matumaini kwamba amri ya kusimama itafika. Utume vipande vifupi, na usiweke zaidi ya viwili au vitatu kwenye foleni. GRBL inaweza kubeba mistari 15 ya mwendo, na ukiijaza yote kwa vipande vya milisekunde 50, mashine itaendelea kwa robo tatu ya sekunde baada ya waya kuchomoka. Vipande viwili ni sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiwa umewasha mipaka ya programu na mashine imeshatafuta nyumbani (sehemu yake ya kuanzia kupima), amri ya $J inayovuka ukingo wa meza inakataliwa tu bila kuifungia mashine kwenye hali ya tahadhari, na hiyo inasaidia sana mwanafunzi anapojifunza.

Jambo moja kuhusu njia ya mawasiliano. Arduino Uno ina mlango mmoja wa serial, yaani wa kubadilishana data, na kompyuta imeshaukalia. Unaweza kuichomeka rimoti kwenye kompyuta ili izungumze na programu inayotuma kazi, lakini kompyuta ikiganda, rimoti imeganda nayo. Kwa anayeanza leo ninapendekeza grblHAL, ndugu ya GRBL inayofanya kazi kwenye bodi zenye nguvu zaidi na inayoweza kupewa mlango wa pili kwa ajili ya rimoti. Rimoti inachukua usukani, kompyuta inabaki kuangalia, kisha usukani unarudishwa.

Swichi ya dharura isipite kwenye programu yoyote. Iwe na waya zake, zenye kontakti ambazo zimefungwa muda wote na hufunguka inapobonyezwa. Hivyo hata waya ukikatika, mashine inasimama. Waya hizo zikate koili ya kontakta (swichi kubwa ya sumaku) inayolisha draiva za mota na kuiamuru inveta, kifaa kinachoongoza kasi ya spindo, isimamishe spindo, yaani mota inayozungusha biti. Biti iliyokuwa kwenye mizunguko 24,000 kwa dakika haisimami kwa kukatiwa umeme tu, huendelea kuzunguka yenyewe, kwa hiyo inveta yenye uwezo wa kufunga breki ni bora ibaki na umeme na kupewa amri ya kusimama. Kontakta ijishikilie yenyewe: umeme ukikatika na kurudi, kitu chochote kisiamke mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwasha. Katika mitaa yetu, ambako umeme hurudi mtu akiwa ameingiza mkono kutoa kipande cha mbao, kipengele hiki ninakipa uzito kuliko vingine vyote.

Kwa usalama huo huo ninachagua waya badala ya redio. Kitufe chekundu juu ya msingi wa njano kinamwahidi mtu kwamba akikipiga mashine itasimama. Rimoti iliyoisha betri na kulala kwenye droo haiwezi kutimiza ahadi hiyo, na siku ya hatari hakuna atakayekumbuka kama iliwashwa. Ukilazimika kutumia redio, kitufe cha dharura kibaki kwenye mashine, na kitufe cha kwenye rimoti kisifanane nacho kwa sura wala rangi.

Inveta ya spindo ndiyo adui mkubwa wa ishara. Usipitishe kebo ya rimoti kwenye mfereji mmoja na nyaya za spindo. Zikilazimika kukutana, zivuke kwa pembe mraba. Tumia kebo yenye kinga ya wavu, na kinga hiyo uiunganishe na ardhi upande wa boksi la umeme. Rezista za ndani za mikrokontrola ya Uno, zinazoishikilia pini juu wakati swichi iko wazi, ni kati ya kiloomu 20 na 50, dhaifu mno kwa waya wa mita tatu. Weka za nje, hata za kiloomu 2.2. Na kama data inasafiri mbali, badilisha iende kwa RS-485, njia ya kutuma data kwa waya mbili zilizosokotwa pamoja.

Mpangilio wa vitufe uamuliwe na kidole gumba. Z juu ikae juu, Z chini ikae chini, na kati yake pawe na kinundu cha kutambua katikati. Saa ya ukutani inavyokwenda iwe upande wa kujumlisha kwenye kila mhimili, na kwenye Z kujumlisha ni kupanda. Bandika mishale ya X na Y kwenye mashine yenyewe, kwa sababu fundi akihamia upande wa pili wa meza, kushoto kwake kunageuka. Kitufe cha kuweka sifuri kizame ndani ya kifuniko na kihitaji kushikiliwa sekunde moja mpaka kilie, maana G10 L20, amri ya kuweka sifuri, inaandika kwenye kumbukumbu ya kudumu na kuzima mashine hakutaifuta. Kitufe cha kuzima spindo nakiweka, cha kuwasha sikiweki. Vitufe vya kuongeza na kupunguza kasi ya ukataji kwa asilimia 10 vinafaa kuliko watu wanavyodhani: sikio linasikia biti ikifika kwenye jicho la mtiki kabla macho hayajaona, na kidole kinapunguza pale pale.

Kikasha kizibwe dhidi ya vumbi. Unga wa MDF (mbao za unga uliogandamizwa) huingia popote, na swichi zilizo wazi huanza kukosa kugusana. Vifuniko vya mpira juu ya vitufe vinatosha.

Kabla hujampa mtu rimoti hiyo, toa biti, pandisha Z, na uijaribu kwa ubaya. Zungusha kigurudumu kwa nguvu zako zote kisha kiachie ghafla, upime mashine imesogea kiasi gani baada ya hapo. Shikilia mshale na uchomoe kebo. Bonyeza mishale miwili inayopingana. Washa spindo kwenye kasi ya juu, uiache rimoti mezani bila kuigusa, na utazame namba za skrini. Zikibadilika hata kidogo, rudi kwenye kebo na kinga yake. Mwisho bonyeza dharura mashine ikiwa mwendoni, izungushe kuifungua, na uhakikishe kwamba hakuna kilichowaka chenyewe.