Vidole vyenye mafuta ndiyo kipimo changu

Mkuu, umeuliza ni vitu gani vidogo vya teknolojia na chakula cha haraka vinavyotufurahisha au kutukera kila siku. Kwangu mambo haya mawili hayaachani, maana chakula cha aina hii karibu kila mara nakila simu ikiwa pembeni, na hapo ndipo kifaa kinapojulikana kama aliyekibuni alimfikiria mtu mwenye njaa na mikono yenye mafuta.

Kero namba moja ni chipsi za kuletewa. Ramani ya programu ya kuagizia chakula inakuonyesha mleta chakula akikata kona, moyo unafurahi, kisha unafungua boksi: matone ya maji yamejipanga chini ya kifuniko, na chipsi ukiinua moja inapinda katikati. Wengi humlaumu mpishi au dereva. Mimi nalaumu boksi. Chipsi nzuri hukaangwa mara mbili, kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 160 hivi ili ndani ziive, halafu kwenye nyuzi 180 au zaidi ili ngozi ya nje ikauke. Ndani bado zina maji mengi, nayo yanatoka kama mvuke muda wote zikiwa moto. Zikifungiwa kwenye boksi lisilo na tundu, mvuke unakosa pa kwenda na kuilainisha ile ngozi. Inaniuma kwamba programu inamfuata dereva mtaa kwa mtaa, inaniomba nyota za kutathmini huduma kabla sijatafuna, halafu boksi halina hata tundu moja ubavuni!

Siku hizi kwenye sehemu ya maelezo kwa mpishi naandika "tafadhali usifunge kifuniko kabisa", na tofauti naiona. Zikishalegea, zitandaze kwenye oveni au kikaangio cha hewa kwa dakika chache. Maikrowevu achana nayo kwa kazi hii, kwa sababu inapasha maji yaliyomo ndani ya chipsi na kuzalisha mvuke mwingine.

Kero ya pili ni simu kujifunga katikati ya mlo. Kihisi cha alama ya kidole kinasoma vimistari vya ngozi, na mafuta yakijaa kati ya vimistari hivyo simu haikutambui. Kioo nacho kinafanya kazi kwa kuhisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi, na maji nayo huupitisha, ndiyo maana tone lililodondoka kutoka kwenye glasi ya soda baridi linaweza kufungua kitu ambacho hukukigusa. Dawa yake ni kutumia kifundo cha kidole: ni ngozi vilevile, kioo kinakubali, na kwa kawaida hapo hapajagusa mafuta. Namba ya siri utaiandika vizuri kabisa kwa kifundo.

Sasa raha. Naupenda sana msimbo wa QR uliobandikwa mezani, ile picha ya vimiraba unayoielekezea kamera ya simu ili menyu ifunguke. Ulibuniwa mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave ya Japani, na timu iliyoongozwa na Masahiro Hara, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Kiwandani kuna uchafu, kwa hiyo waliupa uwezo wa kusomeka hata sehemu yake ikiharibika, hadi karibu asilimia 30 kwa kiwango cha juu kabisa. Ile miraba mitatu ya pembeni inaiwezesha kamera kuusoma kutoka upande wowote. Ndiyo maana stika yenye doa la sosi, umeiinamia kwa pembeni, bado inasomeka papo hapo. Kinachoharibu ni menyu yenyewe ikifunguka kama picha ya ukurasa mzima, unaanza kuipanua na kuiburuta kushoto na kulia kutafuta bei.

Mashine za kuagizia kaunta pia nazipenda, kwa kuwa naondoa kitunguu kwenye baga bila kumweleza mtu. Zingeacha tu kunisukumia nyongeza kila hatua.

Raha nyingine ni USB-C, tundu la kuchajia simu. Halina juu wala chini, unachomeka bila kuangalia huku mkono mwingine umeshika baga. Tangu mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya unalilazimisha kwa simu mpya zinazouzwa huko, na watengenezaji wengi wamelitumia kwingineko pia. Kwa hiyo chaji ikikata mezani, muulize tu aliye meza ya jirani. Kuna uwezekano mkubwa waya wake utaingia kwenye simu yako.